Mganga Akisalimiwa

Dorca Adero alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mengi ya hayo aliyapiga chapa. Alikuwa karani katika shule moja ya sekondari upande wa Mamboleo, na walimu waliompita pale mlangoni walimwona kama sehemu ya ile mashine yake. Shauri yao. Kila Jumapili baada ya kanisa, chumbani mwake Kondele, mwanamke huyo huyo alibeba nchi nzima kichwani: milima yake, wafalme wake, wezi wake, hata bei ya kuvuka mto.

Ulikuwa mchezo. Mzungu mmoja aliyekuja kufundisha kwa kujitolea aliuleta mwaka 1985, akauonyesha kwa watu wanne, kisha akarudi kwao akimwachia Dorca kitabu. Hauna ubao wala karata. Dorca husimulia, na kila mwenzake ana mtu wake ndani ya hadithi, humwamulia apigane, akimbie au adanganye. Jambo likiwa la mashaka, bahati huamua. Bahati yao ilikaa ndani ya mkebe: vizibo ishirini vya soda, kila kimoja na namba yake. Ukichomoa namba kubwa umefaulu, ndogo pole.

Mwalimu Tom Shitanda, wa somo la historia, alikuwa mganga wa radi. Lornah, fundi cherehani, alikuwa mganga wa moto. Badru, mwenye bucha pale Kondele, alikuwa mpiganaji. Mganga alihitaji kusoma orodha ndefu ya dawa zake, na Badru aliacha shule darasa la pili. Upanga hauna maandishi.

Miaka ya kwanza ilikuwa raha. Waganga walijua vijidawa viwili vitatu, na bila Badru wangeliwa na fisi siku ya kwanza. Lakini katika mchezo huo mtu hukua kadiri anavyopita majaribu, na waganga walikua kama magugu. Kufikia mwaka 1988, Shitanda aliteketeza jeshi zima kwa sentensi moja kabla Badru hajatia mkono mkebeni. Na alivyopenda kusema mtu yule! Radi yake ilikuja na hotuba, na hotuba ikaja na maelezo.

"Nyar Port," Badru alimwambia Dorca Jumapili moja, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Port Victoria, "mimi wiki ijayo sikuji."

"Kwa nini, Badru?"

"Kwa bucha watu wanajua kazi yangu. Hapa Mwalimu anasoma karatasi, watu wanakufa. Mimi nabeba mizigo yenu tu. Sasa hapa mimi ni nani?"

Shitanda akacheka. "Bwana Badru, si ununue upanga ya pili!"

Badru hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka.

Dorca aliona aibu, na aibu ikageuka hasira, zaidi juu yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeitunga nchi ile, na ndani yake mtu mzima alikuwa amegeuzwa mpagazi. Alitaka kumpa Badru upanga wa ajabu, akaona ni sadaka, na Badru si mtu wa sadaka. Alitaka kuwapunguzia waganga nguvu, Lornah akawaka: "Mtu amepanda miaka mitatu, leo unamkata miguu?" Naye alisema kweli.

Jumatano Dorca alikuwa anapiga chapa mtihani wa kidato cha pili. Kila aliyepita alimsalimia. "Misawa, Dorca!" Naye aliitikia, maana asiyeitikia salamu Kisumu huambiwa ana madharau. Kila alipoitikia, kidole kiliteleza. Alipoharibu karatasi ya tatu, alimkumbuka mzee mmoja wa dawa kule kwao. Akianza kuchanganya dawa, mwanawe alikaa langoni kuzuia wapitao, kwa kuwa mzee akisalimiwa hana budi kuitikia, na akishaitikia, chungu kinamwagwa.

Aliuacha mtihani hapo hapo, akaweka karatasi safi. "Mganga akianza dawa, anayemcheza afunge mdomo mpaka mpiganaji achomoe vizibo vitatu. Akitamka neno lolote, kwa mtu yeyote, dawa imeharibika."

Jumamosi alikwenda mwenyewe buchani, akasimama kwenye foleni ya wanunuzi wa nyama mpaka zamu yake. "Sitaki nyama," alisema. "Nataka Jumapili moja."

Badru alifuta kisu. "Moja tu."

Jumapili hiyo Dorca aliwasomea sheria mpya, akawatia watatu hao katika pango la dhahabu, na majambazi arobaini wakawa wanapanda kuelekea mlangoni. Lornah alijaribu moto wake kwanza, akashangaa kidogo tu, "Wuololo!" na moto ukazimika. Basi Shitanda akaanza radi. Alibana midomo, mashavu yakavimba. Badru akachomoa kizibo: kumi na saba, majambazi wakarudi nyuma. Ndipo jirani, Mama Benta, akapita nje na karai la dagaa wa omena.

"Misawa, Mwalimu!"

"Misawa ahinya, Mama!" Shitanda akaitika, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili.

Lornah alicheka mpaka akashuka kitini. Majambazi hawakucheka, walikuwa wanakuja tena.

Shitanda alimtazama Badru, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu aliomba. "Badru, ndugu yangu, nishikie mlango nianze tena."

Badru alichukua mkebe, akainuka, akaenda kusimama katika mlango wenyewe, mlango wa mbao wa chumba cha Dorca, akiuziba wote kwa mabega yake. Alichomoa cha kwanza: kumi na mbili, akajeruhiwa lakini hakusogea. Cha pili: sita. Jeraha la paja. Mama Benta alikuwa anarudi.

"Mama, tafadhali," Badru alimwambia, "usisalimie Mwalimu. Ako kazini."

"Kazi gani Jumapili?"

"Kubwa sana, Mama."

Mama akashangaa, akapita. Dorca alimwona Badru akiushika mkebe bila kuufungua. Alijua hesabu, na Badru pia aliijua: chini ya tano, amekwisha. Angeweza kukimbia, sheria ilimruhusu, na Dorca alimkumbusha. Badru akatikisa kichwa, akatia mkono.

Tatu.

Dorca hakumwonea huruma, maana kumwonea huruma kungekuwa kumwibia. Alisimulia yote: upanga ulivyovunjika, mtu alivyoanguka kizingitini, na majambazi walivyoshindwa kuuvuka mwili wake upesi. Kisha akasimulia radi. Arobaini wote, majivu.

Sasa Shitanda alikuwa huru kusema, na wote walingoja hotuba. Badala yake aliuliza, kwa sauti ndogo, "Dorca, kwao huyu mpiganaji ni wapi?"

"Ng'ambo ya mlima. Siku sita kwa miguu."

"Na dhahabu ya pango?"

"Mkimbeba yeye, hamtaweza kubeba dhahabu."

Shitanda na Lornah walitazamana. "Hatuwezi kumwacha hapa," Lornah alisema. "Mtu huzikwa kwao."

Badru alikuwa bado mlangoni, amewapa mgongo. Alipangusa uso kwa kofia yake.

"Basi mnibebe polepole," alisema. "Mimi ni mzito."

Jumapili iliyofuata hawakupigana na mtu. Walimbeba siku zote sita, wakamzika kwao, na Shitanda akasema juu ya kaburi robo saa nzima bila karatasi. Badru alifika kabla ya wote, akakaa kiti cha mbele, akasikiliza jinsi anavyoliliwa.