Kompyuta Chini ya Khanga

Mama mkwe wangu alitaka ninunue ng'ombe. Nilikuwa nimepunguzwa kazini, kwenye ofisi moja ya kahawa mjini Moshi nilikokuwa mpiga chapa tangu usichana wangu, na kiinua mgongo nilichopewa kilitosha kitu kimoja tu cha maana. Kwa watu wa kwetu Marangu hapakuwa na la kujadili. Zizi ni tupu, majani ya migomba yapo, mtu ananunua mtamba wa maziwa, basi. Mimi nikasema nitanunua kompyuta ya kubeba, ile wanayoiita laptop.

"Inakula nini?" mama mkwe akauliza.

"Umeme, Mama."

"Umeme wenyewe huu wa kuja na kuondoka? Basi itakufa na njaa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu naye akacheka, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Niliwaka. Hasira zangu ziko karibu, hilo analijua kila mtu aliyewahi kuniletea kazi ya kuchapa jioni ninapofunga ofisi. Lakini sikuwa nimekurupuka. Enzi hizo huko mlimani kila mtu alikuwa na kikundi: wakulima, kwaya, akina mama, waongoza watalii. Vikundi vyote vilikuwa na mikutano, na mihtasari yake iliandikwa wiki kadhaa baadaye, kila mtu akiwa ameshasahau kilichosemwa. Nilitaka niketi humo humo mkutanoni, nichape watu wakisema, niwasomee kabla hawajatawanyika. Nikikosea kuchagua, sikuwa na pesa ya kukosea mara ya pili, na pale kihambani, katikati ya migomba na mibuni ya ukoo wa mume wangu, ningechekwa mpaka nizeeke.

Duka lilikuwa mjini, karibu na soko, limejaa kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Mwenye duka, baba mmoja mwenye tai na kitambi, aliniwekea mbele moja nyembamba, rangi ya fedha.

"Hii ndiyo wanayobeba mabosi, dada."

Nilivua khanga yangu ya mabegani, nikafunika kibodi pamoja na mikono yangu.

"Dada, unafanya nini?"

"Naichagua."

Chuo cha uhazili nilikosoma, ndivyo tulivyofundishwa. Mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa, na aliyechungulia vidole alionja rula. Alisema mpiga chapa anayetazama vidole vyake ni kama mama anayemtafutia mtoto ziwa kwa tochi. Basi nikachapa sentensi ambayo vidole vyangu viliijua kuliko jina langu: Mkutano ulifunguliwa kwa sala. Ile ya mabosi ilikuwa na vitufe bapa, unapapasa tu, hujui umebonyeza au umepangusa vumbi. Nilipoangalia kioo, sala ilikuwa na S tatu.

Ya pili vitufe vyake vilikuwa vitamu kweli, lakini kila nilipopiga Y ilitokea Z. Mwenye duka akacheka kidogo.

"Hiyo imetoka Ujerumani, dada. Wao wanazipanga hivyo. Utazoea."

"Mjerumani alishatutawala, baba. Vidole vyangu hatavitawala."

Ya tatu nikaitoa nje barazani, kwenye mwanga. Palikuwa na akina mama wawili wanauza ndizi. Niliwaomba wasimame mmoja kulia, mmoja kushoto, nikawauliza wanaona nini.

"Tunaona sura zetu," wakasema.

Nikairudisha ndani. Kioo cha kuonekana na mtu mmoja gizani kingenifaa nini? Mwenyekiti wa kikundi husimama ubavuni kwa karani, mchana kweupe, atake kuona kilichoandikwa. Mwenye duka alianza kuchoka na mimi. "Mchagua jembe si mkulima," akasema, akidhani sikusikia. Nilimjibu kwamba mkulima aliyesema hivyo alikuwa na majembe mawili.

Kwenye rafu ya chini, nyuma ya mashine za kuchapishia, niliiona moja nyeusi, kifuniko kimekwaruzwa utadhani imeburutwa kwenye changarawe. Nikaifunika khanga, nikachapa. Vitufe vilikuwa na kina. Kila kimoja kiliingia, kikajibu, kikarudi juu kukisubiri kidole kingine. Nilichapa ukurasa mzima, sikukosea hata nukta, na nikahisi machozi yananilenga, sioni haya kusema. Mikono yangu ilikuwa imekaa bila kazi muda mrefu. Nikaitoa nje, na mmoja wa wale akina mama, yule wa kushoto, akasoma kwa sauti: "Mkutano ulifunguliwa kwa sala. Amina!"

Bado sikulipa. Nilichomoa chaja, nikaagiza chai, nikachapa mpaka chai ikapoa, na betri haikulegea. Kisha nikaitia kwenye kikapu, nikaenda nayo mwendo hadi kona ya barabara na kurudi, kwa sababu huko kwetu kitu cha kubeba ni kitu cha kupanda nacho mlima. Mwenye duka alinifuata nyuma mbio mbio, tai begani.

Nyumbani mama mkwe aliizunguka kama anavyozunguka mtamba mnadani.

"Kakwaruzwa," akasema. "Walikosa wengine?"

Kwao ng'ombe mpya haingizwi kwa njia ya mbele. Anapitishwa nyuma, migombani, amefunikwa, asije akapigwa jicho na majirani. Basi mama mkwe akaifunika laptop yangu kwa khanga na kuipeleka chumbani kwake, na kila nilipotoka nayo kwenda kufanya mazoezi alinipitisha migombani. Majirani wakimwuliza kama nimeshanunua ng'ombe, alijibu, "Bado." Sikujua kama anaikinga na jicho au ananionea aibu. Nilidhani ni aibu, na iliniuma.

Siku ya mkutano wa wakulima ilifika. Ukumbi wa kanisa ulijaa, na umeme, kama kawaida yake, haukuwepo. Niliketi dirishani. Hoja ilikuwa ya hawa wanunuzi binafsi wa kahawa, waliokuja kila mmoja na mizani yake. Wanaume walisema sana. Halafu mama mkwe akasimama, mjane mwenye mibuni yake, akasema, "Mnunuzi aje apime kwenye mizani yetu. Asiyetaka, apite na gari lake." Nilikuwa namtazama usoni wakati vidole vyangu vinachapa. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Haangalii! Jamani, haangalii!"

Mwishoni nilisimama nikasoma yote. Nilipofika kwa mama mkwe, mwenyekiti akainua mkono.

"Hilo la mama si yalikuwa maoni tu? Huwa hatuandiki maoni."

"Alisema na mkapiga makofi, mwenyekiti. Yako hapa. Njoo usome."

Akaja, akasimama ubavuni kwangu, jua limejaa dirishani. Alikodoa macho akitegemea asione kitu. Kioo kilimwonyesha kila herufi, na baba wa watu akajikuta anamsomea ukumbi mzima, kwa sauti yake mwenyewe, maneno ya mama mkwe wangu. Watu wakapiga makofi tena. Ikapitishwa. Mzee mmoja wa nyuma, meku, kama tunavyowaita wazee wetu, aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi, akauliza kama na kikohozi chake kimeandikwa. Kabla sijafunga mashine, kwaya ilishaniomba, na shule nayo.

Nilianza kuifunga kwenye khanga nipite migombani kama nilivyozoeshwa. Mama mkwe akanipokonya khanga. Akaikunja ngata, akaiweka kichwani, na juu yake akaiweka laptop, wazi, mikwaruzo yote ikionekana. Akashika barabara kuu, katikati kabisa. Mimi nilimfuata mikono mitupu, nikicheka na kulia.

Kwenye lango la kwanza jirani akasimama na ndoo yake.

"Shikamoo, mama. Hicho ni nini?"

"Marahaba. Si mlikuwa mnamwulizia ng'ombe wetu?" mama mkwe akasema. "Ndiye huyu. Mtazameni vizuri."