Kipande cha Kumi na Mbili Kilikuwa Nyuma ya Sikio la Fundi

Kwa majuma sita, kila Ijumaa baada ya swala, nilitoka Kambi Muru nikavuka hadi Kawangware kwenda kuitazama penseli moja ikifa.

Nasema kuitazama, ingawa macho yangu yalikuwa yamefumbwa.

Anayetaka kucheka na acheke. Mke wangu alikwisha kucheka kabla yenu, na kicheko chake kilikuwa kirefu.

Jina langu ni Sadiq. Ni Mnubi wa Kibera, nimezaliwa Kambi Muru, na miaka yangu ni sitini na minne. Hobi yangu ni penseli. Ninazo za mbao mia mbili na kitu, na za kubonyeza, zile za chuma zenye risasi nyembamba kama sindano, ninazo thelathini. Za kubonyeza ninazitumia kila siku kusahihishia mashairi. Za mbao ninazitunza.

Na katika hizo za mbao, zipo kumi na moja ambazo nyumba ikishika moto nitaziokoa kwanza, kisha nirudi kumchukua Sitti.

Hilo nalo Sitti analijua. Hajanisamehe.

Mwaka niliohitimu chuo cha Kurani, nikiwa na miaka kumi na mitatu, Maalim wetu alitutungia utenzi wa beti tatu. Beti tatu za utenzi ni vipande kumi na viwili, kila kipande mizani minane. Wanafunzi tulikuwa kumi na wawili.

Maalim akaenda mjini, akanunua dazeni moja ya penseli za kijani, akaamuru kila penseli ipigwe chapa ya dhahabu yenye kipande kimoja. Akatugawia.

Akasema, "Mkikutana mtausoma wote."

Hatukukutana. Maalim alifariki kabla ya mwaka kwisha, na utenzi hakuuacha popote pengine. Wenzangu wakatawanyika, na wengine wakatangulia mbele ya haki.

Nilitumia miaka ishirini na mitatu kuzikusanya. Moja niliipata Bombolulu, nyingine Eldama Ravine, na nyingine ilikuwa ikikorogea uji. Nilipofika ya kumi na moja, nilizipanga ndani ya sanduku, nikasoma:

Twaa kalamu mwanangu
ni amana toka kwangu
ikumbushe siku zangu
hapo nitapotoweka

Usiitupe njiani
usiiuze dukani
itunze mwako moyoni
hata ujapoteseka

Siku ukiniwazia
na chozi likakujia
jambo ninakuusia

Basi. Hapo unakwisha.

Jambo gani? Maalim ananiusia jambo gani? Miaka tisa nimelala na swali hilo kama mtu aliyelala na jiwe mgongoni.

Kwa hasira niliweka nadhiri. Nikasema mbele ya Sitti: kipande cha mwisho sitakisoma wala kukisikia kwa mtu mpaka penseli yenyewe iwe sandukuni na ndugu zake, nami nina udhu, nisome zote kumi na mbili kwa pumzi moja.

Sitti akasema, "Na ukiiona kwa mtu?"

"Nitafumba macho."

"Wewe mwanamume una shida."

Sasa, sisi wapenda penseli tuna kikundi chetu cha WhatsApp. Tuko wanane. Mmoja wetu ni Whitney, binti anayechora picha za watu pale Kawangware, na yeye ni wa penseli za kubonyeza tu. Tunagombana naye kila wiki.

Siku moja akatuma picha. Fundi wa mbao ameinama juu ya ubao, na nyuma ya sikio lake kuna penseli ya kijani yenye chapa ya dhahabu.

Chini ameandika: "Mzee Sadiq, si hii ni ile kitu yako?"

Kwa bahati picha ilikuwa na ukungu. Hata hivyo niliitupa simu juu ya kitanda kama iliyonichoma.

Kesho yake nilikuwa mbele ya karakana ya Okello.

Okello ni Mjaluo wa miaka thelathini na mitano hivi, mrefu, mikono imejaa unga wa mbao. Nilimsimulia kisa chote nikiwa nimemgeuzia mgongo. Vijana wake waliacha kupiga randa.

"Kwani mzee unaniogopa?"

"Sikuogopi, fundi. Naogopa kuisoma."

"Kuisoma nini?"

"Hiyo iliyo sikioni mwako."

Kijana mmoja akasema, "Buda, huyu ni wa kuombewa."

Okello akanieleza alivyoipata. Binti mmoja, Rania, alimletea kabati la marehemu babake alitengeneze. Ndani ya droo mlikuwa na penseli mpya kabisa, haijachongwa. Rania akamwambia achukue tu.

Babake Rania alikuwa Nabil. Nabil aliyekaa kushoto kwangu chuoni. Innalillahi. Aliitunza miaka hamsini bila kuandika hata nukta, halafu ikaishia kwenye sikio la fundi kama kijiti cha meno!

"Nipe," nikasema. "Nitakupa penseli kumi badala yake."

"Zii, mzee. Hiyo haiwezekani saa hii."

"Ishirini."

"Nimesema haiwezekani. Niko na oda ya mabenchi ya kanisa, kumi na nane. Nimeshaanza kupima na hii. Kazi moja, penseli moja. Nikibadilisha, laini inakuwa nono ama nyembamba, halafu maungo hayakutani. Benchi ikicheza, pasta ataniita mwizi mbele ya watu."

Mtu anayejua kazi yake akisema hivyo utamjibu nini?

Nikatoa penseli yangu bora ya kubonyeza. "Hii unene wake haubadiliki abadan. Jaribu."

Akaiweka kwenye ubao, akavuta.

Tak!

Akabonyeza tena, akavuta. Tak!

"Mzee, hii ni ya kuandikia barua ya mapenzi."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Na kwenye kikundi Whitney, ambaye kazi yake ni kuzisifia hizo za kubonyeza, akaniambia nimeiaibisha, ati mtu mzima mzima hajui ipi ni ya kuandikia mbao na ipi ni ya karatasi!

Ikabaki kusubiri. Mabenchi kumi na nane, matatu kwa juma. Majuma sita.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu yangu ya kitaalamu. Penseli nzima ni vidole kumi. Chapa ya Maalim inachukua vidole vinne, kuanzia mkiani. Nasi sote tunajua kwamba penseli huchongwa upande mtupu, ili jina libaki mkononi. Kwa hiyo maadamu haijashuka chini ya vidole vinne, kipande changu kiko salama.

Kila Ijumaa nikaenda. Ninafika, ninafumba macho, ninanyoosha mkono. Okello ananiwekea penseli kiganjani, nami ninaipima kwa vidole kama daktari anayetafuta mshipa.

Ijumaa ya kwanza, vidole tisa.

Ya pili, nane na nusu. Nikamsikia akiichonga kwa patasi, kwacha, kwacha, vipande vikubwa vikubwa. Nikauma meno.

"Fundi, mwanangu, chonga kidogo kidogo."

"Mzee, mimi nachonga ikitaka."

"Bonyeza polepole basi, isiishe ncha."

"Sasa unataka nipimie kanisa na manyoya?"

Ijumaa ya tatu, nane kasoro. Ya nne nilimkuta amemwazima penseli hiyo jirani yake, fundi wa vitanda. Nilipaza sauti hata nikaona haya, mzee mzima mwenye kofia ya swala nikimgombeza mtu juu ya kijiti.

Vijana, kwa kuniona nimefumba kila mara, wakanipa jina: Mzee Macho Fupi. Nikipita tu, "Macho Fupi, niaje! Mgonjwa leo ameamkaje?"

Nyumbani Sitti alichoka nami. "Mwambie akusomee, ujue, ulale! Unamtesa kijana wa watu kwa nadhiri uliyojiwekea mwenyewe."

"Utenzi hausomwi vipande vipande."

"Na huo unaoliwa vipande vipande?"

Niliingia chumbani nikazipangusa zile kumi na moja kwa kitambaa.

Ijumaa ya sita benchi la mwisho lilikuwa limepigwa vanishi. Okello akaniwekea kiganjani. Nikapima.

Sita na ushei.

Sita! Vidole viwili zaidi ya vile vinne nilivyovihitaji. Alhamdulillahi, nilisema kwa sauti, na vijana wakaitikia, "Amen!" Nikaifunga ndani ya leso bila kufumbua macho, nikampa Okello penseli kumi za mbao, nikaondoka karibu ninakimbia.

Nilitawadha. Nikavaa kanzu nyeupe. Nikamwita Sitti awe shahidi. Nikafungua sanduku, nikasema Bismillahi, nikaiweka penseli ya kijani katika nafasi iliyokaa wazi miaka tisa.

Nikaanza kusoma. Twaa kalamu mwanangu. Nikaja na vipande vyote hadi jambo ninakuusia...

Nikaitazama ya kumi na mbili.

Mwisho wake usiochongwa ulikuwa mzima, wa kijani, mtupu. Safi kama siku ulipotoka dukani.

Okello alikuwa amechonga kuanzia upande wa maandishi.

Pembeni mwa ncha, pale mbao inapoanza kuliwa, zilibaki herufi mbili za dhahabu.

ka

"Ka," nikasema.

"Ka nini?" akauliza Sitti.

"Ka! Ka! Basi!" Na hiyo ka nilikuwa nikiijua miaka tisa! Beti zote zinamalizikia ka, nitapotoweka, ujapoteseka, hata mtoto wa chuoni angeniambia kwamba na ya mwisho ni ka! Nimevuka mji Ijumaa sita, nimeitwa Macho Fupi, kwa ajili ya kina ninachokijua!

Sitti hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba sura yangu ilikuwa mbaya.

Sikusubiri Ijumaa nyingine. Asubuhi yake nilikuwa karakanani, macho wazi, kijiti mkononi.

"Mtu gani mwenye akili huchonga penseli upande wa maandishi?"

Okello akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwani iko na upande?"

"Upande upo! Kila penseli ina kichwa na mkia!"

"Mzee, mimi nilishika nikachonga. Penseli ni penseli." Kisha akaiona sura yangu, akaweka randa chini. "Si basi ni yale maneno tu unataka?"

"Maneno umeyala."

"Lakini nayajua. Hiyo kitu nilikuwa naisoma kila asubuhi, wakati maneno yalikuwa bado mazima. Nilidhani ni maelezo ya kutumia, kama yale ya dawa ya mende."

Nadhiri yangu ilikuwa imekwisha kufa sandukuni. Nikakaa juu ya benchi la kanisa.

"Sema."

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Andika, chonga, andika."

Nikahesabu kwa vidole. A-ndi-ka, cho-nga, a-ndi-ka. Mizani minane. Kina ka.

Jambo ninakuusia: andika, chonga, andika.

"Si ndio nilikuwa nafanya?" akasema Okello, kama anayejitetea. "Nilifuata vile imesema. Kwani nilikosea?"

Kijana mmoja akaniletea maji. Sisi tulikuwa wanafunzi kumi na wawili wa Maalim, na tuliishika ile "itunze" tukaifanya dini. Nabil aliificha kwenye droo. Mimi niliifunga kwenye pamba. Mtu wa kwanza kuutii wasia ule katika miaka hamsini alikuwa fundi wa Kijaluo aliyetengeneza mabenchi ya kanisa.

Na laiti ningefumbua macho Ijumaa ya kwanza, au ningemsikiliza Sitti, ningeujua majuma sita kabla.

Siku hiyo nilitoa mfukoni penseli yangu mwenyewe, ile niliyopewa na Maalim, yenye "jambo ninakuusia". Nilikuwa nimeibeba ili nimwonyeshe Okello maana ya kutunza kitu.

"Niazime patasi."

"Upande gani, mzee?" akauliza, na nikaona anajizuia kucheka.

Nilichonga upande usio na maandishi. Nimefundishika, lakini kuna mipaka.

Nilipomweleza Sitti, alisema neno moja tu: "Enhe."

Kisa hiki nilikiandika kwanza kwa penseli hiyo, kwenye daftari, kabla ya kukichapa humu. Imebaki vidole tisa. Inaniuma kila ninapoichonga, sitawadanganya. Kile kijiti cha Okello kimekaa sandukuni, katika nafasi ya kumi na mbili, na "ka" yake.

Mwenzangu unayesoma, kama kabatini mwako kuna kitu ulichopewa na mtu aliyekupenda, nawe unakingoja kikamilike ndipo ukiguse, kitoe leo. Na kama kina maandishi, kwa jina la Mola wako, yasome.