Niliandika Majina ya Mama Zetu kwenye Karatasi Isiyo na Kichwa

Kosa ni langu. Wanawake wa kwetu wanasema ni la wale wageni, lakini kalamu niliishika mimi.

Nasoma kidato cha tatu. Kwetu ni bondeni, nyuma ya mji wa Mwandiga. Kuna kijito ambamo mama zetu wanaloweka muhogo, kila mmoja na dimbwi lake. La bibi lilikuwa la mama yake. Basi wakaja wageni, wakasema watapanda mikaratusi bonde zima, eti inyonye moshi wa viwanda vya nchi za mbali.

Kwenye mkutano wa kijiji akina mama walikataa! Mama Zainabu alisimama: "Huo moshi tumeutoa sisi? Na mikaratusi inavyokunywa maji! Muhogo tuuloweke kwa mate?"

Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Bibi akasema tu, "Hatutaki."

Mimi nilikaa nyuma. Mgeni mmoja akanifuata na karatasi. "Binti, una mwandiko mzuri? Tuandikie waliohudhuria."

Jamani, nilifurahi! Mimi ambaye darasani hata mkono sinyooshi, leo nimeitwa. Nikazunguka, nikaandika wote. Wasiojua kusoma niliwashika vidole wakaweka dole gumba. Hawakuuliza, kwa kuwa ni mimi.

Juu ya karatasi palikuwa peupe. Niliona! Nikaona aibu kumuuliza mtu mzima.

Miche ilipoletwa, mama zetu waliing'oa, wakaketi kwenye madimbwi yao. Ndipo wakaonyeshwa ile karatasi. Juu pamechapwa: "Waliokubali mradi." Chini, mwandiko wangu.

"Mimi nilikataa!" Mama Zainabu alipiga kelele.

"Hili dole si lako, mama?" mgeni akamuuliza.

Akakigeuza kidole chake, akakitazama.

Sasa kijito kimezungushiwa waya, madimbwini hatuingii. Nilimwambia bibi kwamba niliona pale juu ni peupe. Akaniangalia sana. "Ungeniambia tu, mwana wanje, mwanangu."

Bora angenichapa!

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, nikaeleza huku nalia. Akasema mimi ni mtoto, maneno yangu hayahesabiki. Siku ile niliposhika kalamu sikuwa mtoto?

Mwenzangu unayesifiwa mwandiko, ukipewa karatasi ambayo juu ni peupe, uliza. Tetemeka, lia, lakini uliza. Ukishindwa kabisa, ikunje ukimbie nayo!