Nafasi ya Yaya kwenye Benchi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa mtaani Saio majirani wananitania kwamba siku nikionekana mjini, barabara ya Lumumba, mvua ya mawe itanyesha. Ndiyo maana parokia ilipotafuta mahali pa kusomesha watoto wa vibarua, wale wanaolima mashamba ya watu na kuhama mavuno yakiisha, haikuhangaika. "Mama, weye uko nyumbani siku zote," wakaniambia. Diploma yangu ya sekondari hata hawakuiulizia, na mimi nilikuwa nimeshaipangusa vumbi.

Mabenchi waliyoleta nyumbani kwangu yalikuwa machache, watoto wengi. Anayekosa juma zima, nafasi yake anapewa mwingine.

Msichana mmoja ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusoma maneno mazima bila kuyakatakata. Mara wazazi wake wakapata kazi ya kung'oa maharagi upande wa njia ya Djugu, wakaondoka naye. Jumatatu nikakuta kwenye nafasi yake mdogo wake, aliyebaki na nyanya yao. Miguu haikufika chini.

"Na weye, nani alikuandikisha?"

"Niko nashika mustari ya yaya."

Wenzake wakanieleza: yaya ni dada yake mkubwa. Shambani, anayetoka kwenye mstari wake, hata kwenda kunywa maji, anamwachia ndugu yake. Mstari ukibaki wazi, capita, msimamizi wa vibarua, anampa mtu mwingine.

Nikamwambia shule si shamba. Akashika meza kwa mikono yote miwili. Kila mchana nyanya alimleta. Kila mchana alisinzia pale pale, hakuhama.

Alhamisi akaja mama wa parokia anayesimamia masomo. "Madamu, kuko mutoto mwingine anangoja huko inje."

"Na kama nikimufuata yaya ya huyu kule shamba, nimusomeshe, utahesabu kama amekuja masomo?"

Alicheka hadi akaegemea ukuta. "Weye? Kutoka mu hii lupango ya nyumba yako? Haya, ukifika, nitahesabu!"

Kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki.

"Mama, achia shingo yangu," dereva alinisihi, "nami niko na watoto."

Nilimkuta msichana amepiga magoti kwenye maharagi. Hakunisalimu.

"Nafasi yangu walipatia nani?"

"Hakuna. Mudogo wako iko analala juu yake."

Akacheka, akajifuta machozi kwa mkono wenye udongo, uso wote ukachafuka. Tukakaa pembeni, nikafungua kitabu. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Mama yake alikuwa ameinama karibu nasi: sauti ya binti ikikwama, mikono ya mama inasimama, ikiendelea, anang'oa tena.

Ukurasa ukaisha.

"Madamu, utarudia lini?"

Nikaiangalia ile pikipiki, nikajishika kiuno kilichokuwa bado kinauma. "Juma inayokuja."

"Kweli?"

"Kweli. Lakini weye ndiye utaambia kiuno changu."