Kadi ya Kuona Vizuri

Nyumbani kwetu, upande wa Ikonge, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufichia. Mama anakijua cha sokoni tu: bei, kilo, punguza, ongeza, Mungu akubariki. Sentensi ikiwa ndefu anaipisha ipite, kama anavyopisha lori la majani chai barabarani. Sisi watoto wake tulijua tangu shule ya msingi kwamba jambo tusilotaka alisikie tunaweza kulisema mbele yake, jikoni, huku tukimenya ndizi pamoja naye. Mimi nilikwenda mbali zaidi. Nakifundisha hicho Kiswahili katika sekondari moja ya Kenyenya, ndicho kinachonilisha, na wikendi nikija nyumbani nilikuwa nakuja nacho.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, aliendesha bodaboda pale Masimba. Siku moja, mchana kweupe, barabara kavu, aligonga ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweupe. Wenzake wa stejini walicheka mpaka wakakaa chini, wakasema amelewa, na yeye ni Msabato ambaye hata chai ya majani anaiogopa. Aliponipigia simu hakulalamika kuhusu goti lake lililochubuka wala taa iliyovunjika.

"Dada, sikumwona," aliniambia. "Hakuwepo, halafu akawepo."

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alimwekea mashine machoni, akamwambia atazame taa, kisha akatuambia ni presha ya macho na imekuwa ikila kimyakimya kwa muda mrefu. Kilicholiwa hakirudi. Matone yangelinda kidogo kilichobaki, kwa muda. Hakusema muda gani, nami sikuuliza kwa sababu niliogopa angejibu. Kilichobaki kilikuwa tundu la kuonea katikati: angeweza kuuona uso wa mtu lakini asiuone mkono aliokuwa akinyooshewa.

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Baba yetu tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, na mama alikuwa bado analala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, akimwachia nafasi. Mdogo wangu alisema mama asijue. Tumwambie kuna matone, basi. Nilikubali, kwa sababu matone yalikuwepo kweli. Nilikuwa na hasira na daktari, na ng'ombe, na Mungu, na nadhani mpangilio ulikuwa ndio huo.

Pikipiki aliiuza kabla haijamuua. Majirani walitarajia anunue ndama au aongeze miche ya chai, kama mtu mwenye akili. Yeye akaamua kumalizia kompyuta yake ya gemu. Alikuwa ameiunga kipande kwa kipande, kutoka mabaki ya saiba moja, duka la intaneti la Kisii mjini lililofungwa, nayo ilikaa mezani kwake bila mfuniko, nyaya nje. Kilichokosekana ni kadi ya michoro, ile inayochora picha za mchezo kwenye skrini. Bila kadi ya maana, alinieleza, wachezaji wa mpira wanakuwa vivuli vinavyorukaruka na nyasi zinakuwa uji wa kijani.

Nilimwambia huo ni ujinga. Nilimwambia mtu aliye katika hali yake anatafuta fimbo, hatafuti kadi. Ni maneno mabaya, lakini niliyasema.

"Nataka kuucheza mpira nikiwa bado nauona," akanijibu.

Sikubishana tena. Tukaanza kuzungumza kadi. Tulizungumza kadi jikoni, tulizungumza kadi shambani nikimsaidia mama kuchuma chai, tulizungumza kadi kwenye simu nikiwa Kenyenya, naye akiweka spika ili mikono yake iendelee kumenya ndizi. Hii ni ndogo, haitamsaidia. Hii inakula umeme mwingi, na stima ya kwetu jioni inakuwa hafifu hata balbu inaona haya. Akipata kadi nzuri ataona vizuri. Hiyo ndiyo tuliyoirudia zaidi: kadi nzuri, kuona vizuri. Na mama alikuwa pale wakati wote, akichochea moto, akisikia.

Mama anazijua kadi. Ana kadi ya kliniki, ana kadi ya bima, na kadi zetu za chanjo za utotoni amezifunga kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Maisha yake yote hajawahi kuona daktari bila kwanza kuonyesha kadi. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kwamba neno moja huweza kuwa na maana mbili, hilo halikunipitia akilini.

Ijumaa moja tulishuka Kisii mjini. Duka ni la familia ya Waislamu waliokuwa wakiuza redio tangu nikiwa mtoto, kisha simu, sasa kompyuta na vipuri vyake. Kiswahili cha mwenye duka kinanifanya nipange maneno kabla ya kufungua mdomo. Alituwekea kadi mbili juu ya kaunta ya kioo.

Ya kwanza ilikuwa mpya, fupi, imo ndani ya boksi lake na plastiki haijatoboka. Ya pili ilikuwa ndefu, nzito, ina feni mbili, na vumbi la nchi nyingine lilikuwa limeng'ang'ania kwenye mapezi yake ya chuma. Ilikuwa mtumba, ex-UK, yaani kutoka Uingereza.

"Sikuuzii mbuzi kwenye gunia, kijana," mwenye duka alisema. "Hii mpya haina nguvu nyingi, lakini ina waranti, na ukiitunza itakaa nawe miaka. Hii kubwa ina nguvu mara nyingi zaidi. Lakini huko ilikotoka imefanyishwa kazi usiku na mchana, na waranti yake inaishia pale mlangoni."

Mimi nilikwisha kuchagua. Mpya, bila shaka. Mtu wa mshahara hununua kitu chenye waranti. Nilikuwa tayari nimeweka mkono juu yake.

Wakati huohuo simu ya mdogo wangu ililia. Alikuwa mama. Kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, mama huitwa baba, wageni huwa wanatucheka, na yeye akaipokea kama kawaida: "Ee, baba. Tuko dukani, baba. Ndiyo, kadi tumeiona." Alipokata, mwenye duka akasema kwa adabu, "Mzee msalimieni sana." Tukasema atafikiwa na salamu. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kueleza.

Mdogo wangu aliomba ile kubwa ijaribiwe. Wakaichomeka kwenye mashine ya duka, uwanja ukawaka kwenye skrini, na kweli ungeweza kuhesabu majani. Alisogeza uso karibu, akawa anageuza shingo kidogo upande huu, kidogo upande ule, kama kuku anayetazama punje. Nilitazama pembeni. Mwenye duka naye akapata kitu cha kupangapanga kwenye rafu.

"Nachukua hii kubwa," mdogo wangu alisema.

"Haitadumu," nikamwambia. "Hujasikia? Haitadumu."

"Nimesikia. Ya kudumu nitaifanyia nini, dada?"

Alilisema bila uchungu wowote, kama anayeagiza sukari. Nilitoa mkono juu ya ile mpya. Mwenye duka aliirudisha kwenye boksi polepole, na hakujaribu kutushawishi.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Mdogo wangu alibaki nyumbani. Kanisani nilikaa karibu na mama, nikisinzia. Wakati wa ushuhuda akasimama. Mama si mtu wa kusimama. Alimshukuru Mungu kwa uhai, kwa mvua, kisha akasema mwanawe wa mwisho alikuwa na shida ya macho na watu walimcheka kwa sababu ya ng'ombe, lakini sasa amepata kadi. Kadi ya kuona vizuri. Dada yake amempeleka mjini, wamemchagulia iliyo kubwa kuliko zote.

Kanisa lilisema amina. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alinishika bega, akaniambia nimefanya kazi nzuri, na machozi yalikuwa yakimtoka. Nilitabasamu. Sijui uso wangu ulipata wapi tabasamu. Njiani kurudi mama alitangulia, akiimba, na akina mama wenzake wakamwahidi kwamba wangekuja siku moja kumsikia kijana mwenyewe akisimulia.

Nilimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba, nikamweleza. Kwanza alicheka. Alicheka sana, akashika ukuta. Kisha akaacha.

"Kanisa lote?" aliuliza.

"Lote."

Tukaitwa kula.

Sabato haturuhusiwi kushika mashine, kwa hiyo kadi ilingoja Jumapili. Asubuhi aliifunga mwenyewe mezani, kando ya dirisha, akitafuta matundu ya skrubu kwa ncha za vidole. Alipowasha, zile feni mbili zilivuma, stima ikayumba, ikasimama, na uwanja wa kijani ukajaa skrini. Mama aliusikia mvumo akiwa nje. Aliingia mikono ikiwa na maji, akazunguka meza, akasimama mahali ambapo mtu asingeweza kukosa kumwona, isipokuwa mdogo wangu.

"Sasa?" akauliza kwa Ekegusii. "Unaonaje sasa?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili.

"Mwambie inafanya kazi. Inatosha."

Aligeuza shingo, akamtafuta mama, akampata.

"Baba," alisema, kwa lugha ya nyumbani, ile ambayo hatukuwahi kuitumia kwa jambo hili, "kadi ni nzuri. Ni ya mchezo huu tu. Haitibu. Macho yameharibika, na yataisha. Daktari alituambia."

Kwa Ekegusii ilikuwa fupi hivyo. Mama alipangusa mikono kwenye leso, akaendelea kuipangusa hata ilipokuwa imekauka. Akauliza ni nani mwingine anayejua. Akaambiwa ni mimi. Hakunitazama, na mpaka leo ningependelea angenitukana.

Mama akavuta kigoda, akaketi kando ya mwanawe, uso kwenye skrini.

"Hawa wanaokimbia ni akina nani?"

"Ni wachezaji."

"Nawe unawaendesha?"

"Nawaendesha."

"Haya, endelea. Nione."

Akaendelea. Vidole vyake vilikuwa bado vyepesi. Lakini mpira ulipopigwa kwenda pembeni ulitoka katika lile tundu lake, na yeye akabaki anageuza shingo, anautafuta, anautafuta.

"Umeenda wapi?" alijisemea.

"Umekuja huku kwangu," mama akasema. "Kuna mmoja anaufuata. Anakimbia sana. Sasa kuna wawili wanamfuata yeye."

"Amevaa rangi gani?"

"Nyekundu." Mama alisogea mbele kwenye kigoda. "Wamemwangusha. Amelala chini, hainuki."

"Yule wa nyekundu?"

"Wa nyekundu."

"Huyo ni wetu, baba," mdogo wangu akamwambia.