Alamu ya Gari la Sindano

Biashara yangu ya kwanza na Sindano nilishindwa nikiwa dukani kwangu mwenyewe. Nauza vifaa vya magari: kava za viti, mazulia ya miguu, redio, taa, alamu. Nilitaka anishonee kava seti ishirini, nikamtajia bei ya chini kiasi kwamba mtu mwingine angenitukana. Yeye hakusema kitu. Alipapasa ngozi niliyomwekea mezani, akaikunja, akainusa, akaikunjua. Kimya kikanizidi, nikapandisha kidogo. Akaigeuza upande wa pili. Nikapandisha tena. Nilipofika kwenye bei yake ndipo akanyanyua macho. "Haya dada, seti ya kwanza Jumatano," akasema. Mimi niliyeanza maisha kwa kuuza vitambaa vya kufutia vioo, magari yakisimama kwenye taa nyekundu, nilikuwa nimejipandishia bei mwenyewe bila mtu kunishika mkono. Nikaamua huyu ni wa kumweka karibu.

Jina la Sindano alipewa na mafundi wa gereji, kwa sababu ni mwanamke mwembamba na haingii mahali bila kutokea upande wa pili. Alianza kwa kushona magunia kiwandani, kwa mkono, akilipwa kwa kila gunia. Kiwanda cha viatu kilipofunga na kuuza vyombo vyake, alinunua cherehani moja ya ngozi, chuma kitupu, mzigo wa wanaume wanne walioshiba. Anaishi ghorofa ya tatu na mama yake, na ngazi za kule ukikutana na mtu lazima mmoja wenu arudi chini. Cherehani haikupanda. Basi akanunua kigari cha mizigo kilichochoka, akang'oa viti vya nyuma, akaifunga cherehani sakafuni kwa bolti nne. Akawa anawafuata wateja, gereji hadi gereji, anaomba umeme kwa waya mrefu na kushona palepale.

Kwa hiyo cherehani yake ililala nje kila siku, barabarani, chini ya dirisha la chumba cha mama yake. Gari likiondoka, na kazi imeondoka.

Asubuhi moja alikuja kabla sijamaliza kupanga bidhaa. Alisubiri mteja wa kwanza atoke, akanionyesha picha kwenye simu: kitasa cha mlango wa nyuma wa gari lake, kimechokonolewa mpaka chuma kinang'aa.

"Walikuja juzi," akasema. "Kitasa kiliwashinda, lakini kwa dirishani wameona kilichomo. Watarudi na vifaa."

Mteja mwenye hofu ni mteja mwepesi, sioni haya kulisema. Nikashusha maboksi matatu. La kwanza lilikuwa la bei ya kutupa: kitaa chekundu cha kumetameta na king'ora kinacholia mlango ukifunguliwa, basi. La pili lilikuwa na rimoti ya kuizima na kidude cha kuhisi mtikisiko, mtu akilisukuma gari au kugusa kitasa linalia. La tatu lilikuwa na kila kitu, hata rimoti inayokuita ukiwa kitandani, na bei yake ingemfanya ashone miezi minne bila kula. Akaniuliza mimi ningenunua lipi. Nikamwambia la tatu, bila shaka.

"Wewe gari lako linalala ndani ya geti," akasema. "Usininunulie kwa mfuko wangu."

Kisha akanieleza shida yenyewe ilipo. Jirani wa ghorofa ya chini aliwahi kufunga alamu ya mtikisiko. Ikawa pikipiki ikipita inalia, paka akiruka inalia. Mwenye nyumba, mzee anayeugua presha, akampa jirani siku mbili aliondoe gari, na akawatangazia wapangaji wote kwamba atakayefuata hataonywa. Pale mbele ya nyumba ni mahali pa mwenye nyumba, na karibu na hapo hakuna pengine pa kulaza gari.

"Ikilia ovyo nafukuzwa. Isipolia naibiwa. Haya, nichagulie."

Nikaanza maneno ya dukani, kwamba mtikisiko unarekebishika, fundi wangu ni mzoefu. Akanikatiza kwa kuinua kidole.

"Kabla ya fundi wako. Mwezi huu magari matatu yamefunguliwa usiku na alamu hazikulia. La mwalimu, la daktari wa meno, la yule muuza mitumba. La muuza mitumba limekwenda moja kwa moja. Yote matatu alamu zilifungwa hapa."

Nilitazama mlangoni kwanza, kuona kama kuna mtu amesikia. Nikamuuliza nani mwingine anajua.

"Kwa sasa, mimi na wewe."

Akanieleza alivyojua. Alikuwa ameshona viti vya magari mawili kati ya yale baada ya wizi, na kwa mazoea yake alifunua boneti kuangalia. Nyuma ya taa ya kushoto, mahali pa king'ora, waya mmoja ulikuwa umekatwa, safi, kwa mkato mmoja. Hapakuwa na waya mwingine uliochezewa. Aliyekata hakupapasa. Alijua.

Fundi wangu ni shemeji, mdogo wa mume wangu. Nje, wakati huohuo, alikuwa amelala chali chini ya usukani wa gari la mteja, miguu iko barabarani, anaongea. Watu saba au wanane wamesimama wanasikiliza. Nilimwita ndani. Nilijaribu kuuliza kwa upole, lakini swali la namna hiyo halina upole. Alinisikiliza hadi mwisho, akaiweka bisibisi juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Shemeji, unaniita mwizi?"

"Nakuuliza waya."

"Hapana, unauliza nani kaukata. Uliza vizuri basi, kaka naye asikie."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu. Nikaona nyumba yangu, mama mkwe na kikao cha ukoo, na duka ambalo kesho halitakanyagwa na mtu. Aliyeongea ni Sindano.

"Si yeye," akasema. "Ni pale anapofanyia kazi."

Wiki iliyopita alikaa siku mbili mbele ya duka langu akishona kava ndani ya gari lake, mlango wazi, macho nje. Alimwona shemeji akifunga alamu nne. Kila alamu aliifunga mahali palepale, kwa sababu ndipo mkono unapofika haraka, na kila moja aliisimulia. Hapa ndipo kinapokaa king'ora, jamani. Huu mweusi ndio unaokileta umeme. Huu ukikatika, imekufa. Watu wanacheka, wanauliza maswali, anawajibu.

"Unafundisha, kaka," akamwambia. "Na darasa lako halina daftari la mahudhurio."

Shemeji alinigeukia. Maneno yale niliyaagiza mimi. Miaka mitatu nyuma nilimtoa uani nikamweka mbele ya duka. Nikamwambia fanya kazi huku unaongea, watu wasimame. Umati ule ulikuwa tangazo langu la bure na uliniletea nusu ya wateja. Nilikuwa nauza kufuli huku nikigawa ufunguo.

Tukarudi kwenye biashara, maana wezi wa Sindano hawangetusubiri tumalize kusikitika. Alitaka boksi la pili, lakini king'ora chake kitolewe, kiwekwe chenye betri yake ndani, kinachoendelea kulia hata umeme wa gari ukikatwa. Alitaka kifungwe uani, geti limefungwa. Na alitaka kikae mahali atakapochagua yeye, si nyuma ya taa. Nikamwambia kikikaa pengine dhamana ya mwaka mmoja inakufa, hayo ndiyo masharti ya aliyeniuzia.

"Basi dhamana nipe sasa hivi," akasema. "Punguza bei kwa thamani yake."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Nilimpunguzia, si kama alivyotaka lakini zaidi ya nilivyotaka mimi. Sharti langu lilikuwa moja: habari ya magari matatu ibaki pale kaunta mpaka nijue nafanya nini. Alikubali kwa kutikisa kichwa, na lake akalitaja: wenye magari wale nisiwaache hivihivi. Nikasema tutaona. Akaniangalia, nikasema sawa.

Kazi ilichukua mchana mzima. Aliufumua mgongo wa kiti cha dereva, shemeji akakisimika king'ora ndani, kimefungwa kwenye fremu ya chuma, waya zikapita chini ya zulia. Sindano akaitoboa ngozi matundu madogo madogo ili sauti itoke, kisha akashona juu yake kwa mishono miwili, uzi wa nailoni, ule ule wa viti vya mabasi. Ukikitazama huwezi kujua. Nyuma ya taa ya kushoto shemeji aliweka king'ora kibovu kilichokuwa kwenye takataka, na waya mweusi unaoning'inia vizuri. Wazo hilo lilikuwa lake, na ndilo neno pekee alilolitoa kazini mchana ule.

Kisha mtikisiko. Saa mbili nzima tulipiga teke magurudumu, tukaegemea bodi, tukaendesha pikipiki kulizunguka gari, shemeji akipunguza nukta kwa nukta. Tuliacha pale ambapo pikipiki haikuiamsha ila mkono kwenye kitasa uliiamsha. Katikati ya hivyo viwili palikuwa padogo kweli, na ndipo alipokuwa anaishi Sindano.

Siku nne zilizofuata sikuwa mzima. Kila asubuhi nilikuwa nikisikiliza kama gari lake linapita. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa analala na nguo zake, rimoti mkononi, na mama yake amehamishia kiti dirishani. Gari kubwa la taka lilipopita, wote wawili walibana pumzi. Alamu haikulia.

Asubuhi ya tano alikuja kwa miguu. Vidole vitatu vilikuwa na plasta. Nikajua limekwenda, nikaanza kupanga kichwani nitakachosema.

"Lipo," akasema. "Nipe maji."

Walikuja watatu, saa tisa kasoro usiku. Mama yake aliwaona kabla ya alamu. Hawakugusa kitasa. Walipitisha waya chini ya boneti, wakaifungua kwa utaratibu kama mafundi, wakakata ule waya mweusi wa king'ora kibovu. Wakatulia kidogo, wakaridhika. Kisha, ili wamalize kabisa, wakakata na waya wa betri. Hapo ndipo kiti cha dereva kilipopiga kelele. Mmoja alianguka kwenye mtaro, mwingine aliacha koleo. Ndani ya sekunde kumi hawakuwepo.

Lakini king'ora kilikuwepo. Sindano alishuka ghorofa tatu pekupeku, akabonyeza rimoti, akabonyeza tena. Betri ya gari imekatwa, alamu yenyewe imekufa, rimoti haina wa kuongea naye. King'ora cha betri ndani huzimwa kwa kifunguo kidogo, na tundu la kifunguo hicho lilikuwa ndani ya mgongo wa kiti, nyuma ya mishono yake miwili ya nailoni. Sisi sote watatu tulikuwa uani siku ile na hakuna aliyelifikiria tundu. Hakuwa na wembe. Vifaa vyake vyote vilikuwa kwenye sanduku alilohifadhi dukani kwangu kwa hofu ya wezi. Alianza kufumua kwa kucha na kisu cha mezani alichorushiwa na mama yake dirishani, kazi aliyoishona mwenyewe isifumuke, kelele zikiwa zinampasua masikio, jengo zima likiwa madirishani.

Dakika ishirini na tano. Mwenye nyumba alishuka na nguo za kulalia, akasimama pembeni, mkono kifuani. Hakumsaidia wala hakumfokea. King'ora kilipozimika alisubiri masikio yake yarudi.

"Nashukuru hawajakuibia, binti yangu," akasema. "Jioni gari lisilale hapa."

Sindano aliyamaliza maji, akaniuliza ua wangu unafungwa saa ngapi.

Kigari chake kinalala kwangu sasa, nyuma ya geti. Hanilipi fedha kwa hilo, bali kila alamu ninayouza yeye ndiye anayeificha, mahali anapopajua yeye na mwenye gari, na tundu la kifunguo linaachiwa mdomo wa zipu. Anatoka kwake alfajiri na kutembea nusu saa kuifuata kazi ambayo zamani aliishukia ngazi. Mama yake analalamika kwamba hana tena cha kulinda.

Mimi nilirudisha ufungaji uani. Umati umekwisha, na pamoja nao wateja wengi wa kupita njia. Shemeji hakulisahau lile swali. Aliondoka mwezi uleule, yuko barabara ya pili, amelala chali chini ya usukani wa watu, anaongea, na mbele yake wamejaa. Mama mkwe huwa ananijibu salamu nusu.

Mwalimu na daktari wa meno niliwafungia upya, kwa gharama yangu, nikawaeleza kwa nini. Daktari alinishukuru, mwalimu hajakanyaga tena dukani. Muuza mitumba nilimfuata kwenye meza yake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja mashati, kisha akauliza alamu hiyo mpya nitaifunga kwenye nini. Nikamrudishia bei ya ile ya zamani, yote. Alichukua bila kusema asante, akaendelea kukunja.