Sanduku la nyuki tulilolipima kwa mahindi ya mama

Shaaa, halafu kimya. Mahindi yakimwagika ndani ya sanduku tupu la mbao. Hiyo sauti bado iko kwa masikio yangu.

Habari zenu wakuu. Haya niliyaishi mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi nashona nguo mtaa wa Manyatta, Kisumu mjini. Mama yangu yuko nyumbani kando ya ziwa, nje kidogo ya Kisumu. Maisha yake yote ameuza samaki, beseni kichwani, mpaka mgongo ukakataa. Daktari akamwambia abebe vitu vidogo tu.

Tangu hapo anakaa mlangoni. Na mama si mtu wa kukaa. Akaanza kuniuliza, "Sasa mimi ni wa nini?"

Hilo swali liliniuma sana.

Ndio nikaota nyuki. (Mimi huota sana, mnizoee.) Niliona mizinga nyuma ya nyumba, mama akiwa boss.

Nikaenda soko la Kibuye kwa fundi anayetengeneza mizinga ya Langstroth, ile ya masanduku yanayopangwa moja juu ya lingine, fremu zikining'inia ndani. Kuna sanduku la kina kirefu na la kina kifupi.

"Madam, chukua kubwa. Sanduku kubwa, asali nyingi."

Nikabeba moja kama sample, nikampelekea mama. Akalizunguka.

"Likijaa, uzito wake?"

Nikasema sijui.

"Nyathina, mtoto wangu, umewahi kuniona nikinunua beseni bila kuliinua likiwa limejaa?"

Kweli. Wauza samaki wa kwetu hujaza kwanza, wanainua, ndio wanalipa.

Akanituma gunia la mahindi jikoni. Nikamwaga sandukuni mpaka juu, mahindi yashike nafasi ya asali. Shaaa.

Mama akainama. Sanduku halikutoka chini. Akajaribu tena, mkono ukaenda kiunoni.

"Basi hizi nyuki ni zako," akasema, akarudi mlangoni kukaa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Kesho yake nikarudi Kibuye na hilo sanduku. Nikaomba la kina kifupi, tena jembamba, la fremu nane badala ya kumi.

Fundi akacheka. "Unafuga nyuki ama vifaranga? Na kwa saizi hiyo utahitaji masanduku mengi. Kazi ya kufungua na kupanga itakuwa nyingi."

"Mama anataka kazi nyingi," nikamwambia.

Tukajaza mahindi tena. Mama akainua polepole, akatembea nalo mpaka mlangoni, akarudi. Mimi nyuma yake, mikono mbele kama mtu anangoja mtoto aanguke.

"Toka njiani," akaniambia. "Na uniletee mengine. Yawe saizi moja, fremu ya hili iingie kwa lile."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: ukianza, usichague sanduku kwa kufikiria asali. Fikiria mgongo wa atakayeliinua. Asali kidogo inayobebeka inafika mezani.

Nyuki bado hawajaingia. Tumepaka nta ndani harufu iwavute, tunawangoja, na mama ameshahamisha kiti chake nyuma ya nyumba.

Mlio na mizinga, niambieni: kwenu mnatumia saizi gani, na nani huinua? Hata mkinicheka nitasoma.

Jumapili mama alipoenda kanisani mimi nilibaki. Nikachukua msasa, nikakaa kwa kile kiti chake, nikalainisha vishikio vya kila sanduku, pale vidole vyake vitashika.